Baba Yako Asije Jumamosi

Komora, baba,

Nakuandikia wakati hata hujafika mbali. Umekwenda kuwaaga wenzako pale njia panda, na nikipaza sauti labda utanisikia. Lakini haya nikianza kuyasema kwa mdomo nitapandwa na hasira, wewe utaniambia "Mama, tulia," na mimi nikiambiwa nitulie ndipo ninasahau kabisa nilichotaka kusema. Kwa hiyo nimechana karatasi kwenye daftari la dada yako Hawayu, nimekaa jikoni, na wateja wangu wa jioni leo watakunywa chai kwingine.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kushusha chandarua. Huko Hola kila mtu atakuambia hayo, na najua hutamsikiliza yeyote. Nataka tuzungumze juu ya baba yako.

Juzi ulikuwa unakunja nguo zako. Ukaniambia hivi hivi tu, kama mtu anayetaja habari ya mvua: "Mama, nimeongea na Baba. Mimi nikishaondoka, yeye atarudi hapa Jumamosi. Hamtakuwa peke yenu." Kisha ukaendelea kukunja shati. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria, na sikusema neno. Ulidhani nimekubali, nikakuona hata unatabasamu. Sikukubali, baba. Hofu ilinishika, ile ile ya zamani ambayo nilidhani imekwisha, nikageuka nikaanza kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Najua jinsi mlivyokutana. Ulipokwenda Hola kujiandikisha chuoni alikutafuta, akakununulia pilau, akalia mbele yako, akakuambia amebadilika. Sikulaumu. Mtoto humtaka babake, na baba yako anajua kupendeza watu, hilo simnyang'anyi. Hata mimi alinipendeza. Angekuja sasa hivi hapa plotini, kabla chai haijachemka angekuwa amewachekesha majirani wote.

Lakini hukuona kitu nilichokiona mimi. Tangu juzi dada yako anapanga vitabu vyake kwenye mkoba. Nilidhani ni mambo ya mtihani. Jana akaniuliza, bila kunitazama, kama mjomba Maro kule Minjila bado ana kile chumba cha pembeni. Nikamuuliza cha nini. Akasema, "Mama, mimi sitakaa hapa yeye akija." Ana miaka kumi na mitatu. Mtoto huyo alikuwa mdogo sana siku baba yako alipoondoka, mimi nikijidanganya kwamba hakumbuki. Akaniambia anakumbuka kikohozi chake mlangoni.

Kikohozi. Unakumbuka? Labda hukumbuki, kwa sababu wewe ukisikia kikohozi ulikuwa unakimbia kumpokea. Alikuwa mpakiaji wa ng'ombe kwenye malori pale soko la mifugo, na siku za soko alirudi amekunywa. Akifika mlangoni alikohoa kwanza, mara moja, kama mgeni mwenye adabu. Mimi nikisikia hivyo nilitazama haraka: chakula kipo? Mtoto amenyamaza? Nimevaa nini? Nikikosea kimoja, basi. Chupa zangu za chai alizivunja, za biashara, nikanunua nyingine akazivunja tena. Na ule ubavu wangu, ambao mpaka leo ukiniona nageuka mzima mzima kuokota kitu unanicheka unasema Mama amezeeka, sikuuumiza kwa kuanguka mtoni. Nilikudanganya. Alinipiga teke nikiwa nimeinama kupuliza moto.

Nimeandika hilo, na sasa nimesimama kidogo nikanywa maji. Sikuwahi kukuambia. Ulipouliza Baba amekwenda wapi, nilikuambia amepata kazi Hola. Ulikuwa darasa la sita, ukawa unawaambia wenzako babako ana kazi kubwa. Mimi nikanyamaza hapo pia, nikidhani nakulinda. Kumbe nilikuwa nakutengenezea baba ambaye hayupo, na huyo ndiye uliyemwalika Jumamosi.

Sasa nisikilize nikueleze jinsi alivyotoka katika nyumba hii, kwa sababu najua amekueleza vingine. Atakuwa amekuambia nilimfukuza. Ni kweli, ila haikuwa kazi ya siku moja, na nilikosea sana kabla sijapatia.

Nyumba hii niliitafuta mimi. Tulitoka kijijini kule mtoni, kwa babu yako, tukaja Garsen wewe ukiwa mgongoni. Mimi ndiye niliyezunguka ploti zote za kupangisha nikiuliza, mpaka nikafika kwa Mama Fardosa. Unamjua, mwenye ploti, mjane, mwenye duka la nguo, ambaye mpaka leo akikuona anakuita mwanamume wangu. Tulielewana vizuri. Halafu nikafanya jambo ambalo kwetu lilikuwa la kawaida kabisa, hata mama yangu angenisifu. Nilimwambia, "Subiri nimlete mwenye nyumba." Nikaenda nikamleta baba yako, akapeana naye mkono, akapokea ufunguo. Kila mwezi nilichuma kwa chai yangu, nikamwekea baba yako mkononi, yeye akaenda kulipa. Kwetu mwanamke akilipia nyumba mumewe akiwepo, mume anachekwa. Sikutaka achekwe. Nilimjengea heshima kwa jasho langu miaka na miaka, baba, na heshima hiyo ndiyo aliyosimama juu yake akinipiga. "Hii nyumba ni yangu. Hutaki, toka!"

Nami nilitoka. Hilo ndilo kosa lililonigharimu zaidi. Kila nilipopigwa nilikubeba wewe, baadaye wewe na Hawayu, tukaenda Minjila kwa mjomba Maro. Wewe ulikuwa unashangilia, unadhani ni safari ya kucheza na binamu zako. Mimi nalala chini kwa watu, biashara imesimama, watoto hawaendi shule, na yeye amekaa hapa kitandani, ndani ya nyumba ninayoilipia. Halafu wazee wa upande wake wanakuja kunirudisha.

Ile mara ya mwisho walikuja wengi, wakakaa uani kwa mjomba wako. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia chai, na unajua chai yangu, hata siku hiyo niliitia tangawizi. Mwanamke aliyeolewa hasemi mbele ya wakwe, husemewa na kaka yake. Nikamsikia Maro akisema kwa sauti nzito: "Dada yangu hana neno. Amesamehe. Kesho atarudi nyumbani kwake." Nikasimama na sinia mkononi. Amesamehe nani? Lini? Maro hakuwa ameingia jikoni hata mara moja siku hiyo. Ni mtu mwema, anatupenda, na hata leo akisikia haya ataumia. Lakini alinirudisha kwenye kipigo kwa maneno machache, na mimi nikatoka na sinia nikawagawia vikombe.

Nataka ujue kwamba mimi si mwanamke wa kunyamaza. Unanijua. Madereva wa malori wananiogopa pale kibandani. Askari akinywa chai bila kulipa namfuata barabarani na mwiko. Lakini nikiingia nyumbani nilikuwa mtu mwingine, na kwa muda mrefu nililiona hilo ni jambo la kawaida, kama kuvua viatu mlangoni.

Kilichonifumbua macho ni maji. Mwaka ule mto ulijaa ukavuka mashamba yote, ukaingia mpaka hapa plotini. Tukahamia kule juu karibu na Minjila, chini ya maturubai, mbuzi, watoto na watu wote pamoja. Baba yako hakuja nasi, alisema kambi ni ya wanawake, akaenda kukaa kwa rafiki yake. Watu walikuwa wanalia, mashamba yamekwenda, mpunga umekwenda, ndizi zimekwenda. Jirani yetu mmoja, bibi wa Kiorma aliyekuwa akiniletea maziwa ya kuuza, alinitazama asubuhi moja akasema, "Mama Komora, wewe nalala sana. Watu nakufa na mawazo, wewe nakoroma. Nyumba yako maji hapana chukua?" Nikacheka. Kisha nikaingia ndani ya turubai nikalia. Ilikuwa kweli. Chini ya plastiki, na mbu, na mvua inapiga, nilikuwa nalala usingizi ambao sikuwahi kuupata juu ya kitanda changu. Nikajiambia, basi tatizo langu si nyumba. Nyumba ni yangu na watoto wangu. Anayepaswa kutoka ni yeye.

Maji yaliposhuka nilirudi kabla ya wengi. Ulikuja nami, na hapa natumai unakumbuka, kwa sababu ulifanya kazi kweli kweli. Tope lilikuwa limefika magotini ndani ya chumba. Tulizoa, tukazoa. Kuta upande wa chini zilikuwa zimemomonyoka, miti inaonekana, tukachota udongo tukakandika upya, wewe ukichora umbo la gari ukutani kwa vidole na mimi nikikugombeza. Baba yako hakutokea. Alikuwa anasubiri nyumba ikauke.

Siku ya kumaliza, Mama Fardosa akaja. Yeye ana desturi yake, ukimuuliza mpangaji yeyote wa hapa atakuambia. Maji yakiingia ndani, kodi inasimama na upangaji umekwisha. Maji yakishuka, anapita mlango kwa mlango, anakabidhi upya, anapeana mkono na mtu kama ndiyo kwanza amekuja. Wanaohama wahame, wanaobaki wabaki. Ni mama wa biashara, hapendi ugomvi wa miezi ya maji. Mimi nilikuwa nimemwendea mwaka uliotangulia, nikamwambia namtaka mume wangu atoke, akanijibu, "Mimi napa nyumba bwana yako. Mkono yake ndiyo naleta kodi. Mimi naingiaje kati?" Na alikuwa na haki, ni mimi niliyempa mkono huo.

Basi siku hiyo akasimama mlangoni, akatazama kuta, akagusa udongo, bado mbichi. Akaniuliza, "Nani nafanya hii?"

"Mimi na mwanangu."

"Bwana iko wapi?"

"Sijui."

Akatazama uso wangu, na uso wangu wakati ule ulikuwa na kovu jipya juu ya jicho. Akasema, "Mama Komora, mimi leo napeana nyumba. Wewe nataka mimi nape nani?"

Komora, hakuna aliyewahi kuniuliza. Mdomo wangu ulitaka kusema subiri nimlete mwenye nyumba, naapa maneno hayo yalifika kwenye ulimi. Nilifuta mkono wangu kwenye kanga, ulikuwa na tope mpaka kwenye kiwiko, nikaunyosha. "Nipe mimi," nikasema. Akaushika vile vile na tope lake.

Baba yako alikuja baada ya siku chache, jioni, jua bado lipo. Akakohoa. Ninyi nilikuwa nimewapeleka kwa jirani. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa ndani, na nguo zake zote nilikuwa nimezifua, nimezikunja, nimezitia kwenye gunia safi nje ya mlango. Akagonga. Akagonga tena. Akaliona gunia.

"Fungua."

"Nguo zako ziko hapo. Hii si nyumba yako tena."

"Nani anasema?"

Nikasema, "Mimi." Sauti ilitoka nyembamba, nikairudia. "Mimi ninasema."

Alipiga mlango kwa bega. Udongo tuliokandika ulipasuka pembeni mwa fremu, ukadondoka vipande. Nilikuwa nimeweka kitanda nyuma ya mlango nami nimekikalia, natetemeka mpaka kitanda kinatikisika, nikijua kwamba akiingia ataniua. Sizidishi chumvi. Alikuwa anayasema hayo kwa mdomo wake, na majirani wote wanasikia. Halafu nikasikia sauti ya Mama Fardosa pale uani. Alikuja na mzee wa nyumba kumi na vijana wa dukani kwake. "Wewe, wacha mlango yangu! Mimi hapana pa wewe nyumba. Mpangaji yangu iko ndani. Wewe ni mgeni, na mgeni hapana vunja mlango."

Neno hilo la mgeni lilimkata kuliko rungu. Watu walikuwa wanatazama. Akachukua gunia, akasema atarudi, akaenda.

Na alirudi, mara kwa mara, usifikiri mambo yaliishia hapo kama kwenye hadithi za redio. Alinisubiri njiani, alinimwagia chai kibandani mbele ya wateja. Ndipo nikaenda polisi, askari mmoja wa kike akaniandikia, akanipeleka mahakamani hapa hapa Garsen, na Mama Fardosa akaja kusema mbele ya hakimu kwamba mpangaji ni mimi na kwamba aliuona mlango ukipigwa kwa bega. Nilipewa amri ya kumkataza asinikaribie wala asikanyage hapa. Maro alikasirika sana, akasema nimeianika familia. Hatukusemezana muda mrefu. Baba yako ndipo akaondoka kwenda Hola. Nami nikakuambia amepata kazi.

Hilo ndilo jambo zima. Unaweza kumuuliza Mama Fardosa, unaweza kumuuliza Maro, siku hizi anakiri. Usimuulize Hawayu, mwache.

Wewe kesho unakwenda kupanga chumba chako mwenyewe, na siku moja utamwingiza mtu humo. Sitakuhubiria. Nina jambo moja tu, nililijifunza kwa kukaa upande wa pili wa mlango. Ukifika nyumbani kwako ukasikia watu wanacheka, halafu wakakusikia wewe na kicheko kikakatika, usiingie kwanza. Kaa nje kidogo ujiulize kwa nini. Mwaka jana ulipiga meza kwa hasira, simu yako imepotea, na Hawayu akainua mkono kufunika kichwa. Hata hukuwa umemwelekea yeye. Niliuona uso wako, uliona haya, ukatoka nje, ukarudi na chapati mbili ukampa bila kusema kitu. Siku hiyo nilikupenda sana, na pia niliogopa sana. Naandika yote mawili kwa sababu ni kweli yote mawili.

Usimkatae baba yako, sikuombi hivyo. Mle pilau, azungumze nawe, kama amebadilika utafaidi wewe na nitafurahi. Mtakuwa mji mmoja. Lakini mabadiliko yake ayafanyie huko alipo. Hapa hayatapimwa kwa ubavu wangu wala kwa usingizi wa dada yako. Mahakamani naweza kurudi, njia naijua, na Jumamosi akikanyaga uani nitakwenda. Sitaki iwe hivyo. Sitaki mtu aliyemfungulia njia awe ni wewe.

Kwa hiyo umpigie simu leo, kabla hujalala. Umwambie asije. Umwambie wewe, kwa mdomo wako, kwa kuwa ni wewe uliyemwambia aje.

Na kabla ya kumpigia, pitia hapa jikoni. Najua ulifanya kwa mapenzi. Maro naye alifanya kwa mapenzi, akanisemea mbele ya watu nikiwa hatua chache tu kutoka kwake, na kinachoniuma tangu juzi si kwamba unampenda baba yako. Ni kwamba ulipanga maisha yangu kwenye simu, ukayamaliza, ukaniletea yakiwa yamekunjwa pamoja na mashati. Nimekulea mwenyewe, Komora, na hukuniuliza.

Hawayu yuko hapa mlangoni, amejifanya anatafuta kijiko, anasubiri aone nimeandika nini. Mkoba wake bado uko kitandani.

Basi njoo uniulize. Simama hapa mbele yangu, unitazame, useme, "Mama, unataka Baba arudi?" Jibu ni hapana, umeshalisoma. Niulize hata hivyo, nataka kulisema, na nataka dada yako asikie ukiniuliza.

Mama yako.